Gari Lisubiri Kiitikio

Ninyi vijana mnaonunua haya magari madogo ya otomatiki yenye klachi mbili, kabla hamjaniuliza lolote kuhusu mteremko, acheni kwanza niwasimulie siku niliyokaribia kumgonga mke wangu mgongoni mbele ya kwaya nzima. Nimestaafu sasa, sina jina la kulinda. Na mke wangu mwenyewe, Mama Neema, ameniruhusu kuandika, kwa sharti kwamba nisiongeze chumvi na wala nisijipendelee. Sharti la pili ndilo gumu.

Gereji yangu ilikuwa Sakina, kandokando ya barabara ya Nairobi, na kwa miaka yote ile nilifanya kazi moja tu: giaboksi. Wengine walifunga breki, wengine walinyoosha bodi na kupiga rangi, mimi nilikuwa Fundi Gia. Ukiniletea gari linalogoma kuingia gia ya tatu nilikuwa nalizungusha mara moja uwanjani, nakwambia tatizo kabla sijashuka. Nilipenda sana watu wakishangaa. Huo ndio ugonjwa wangu, na mtauona ukinitafuna huko mbele.

Aliyenifundisha ni Bwana Harbans, Singasinga aliyezaliwa hapa hapa Arusha, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Siku yangu ya pili kazini nilifunga klachi pleti upande wa nyuma mbele. Hakunigombeza. Aliniletea chai, akanisubiri nimalize, akasema, "Haya, shusha tena giaboksi, uone ulichokifanya." Ilikuwa ya lori. Niliishusha peke yangu mpaka jua linaelekea kuzama, na sijawahi kurudia kosa hilo.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa kushuka. Alikuwa ananipandisha juu kwenye mashamba ya kahawa na lori tupu, kisha ananiambia nishuke, yeye ananifuata nyuma na gari lake. Mfuko wa kulia wa shati lake ulikuwa na njiti za kiberiti. Kila taa zangu za breki zilipowaka, alihamisha njiti moja kwenda mfuko wa kushoto. Tukifika chini ananionyesha kiganjani: "Kumi na tisa. Siku ukinipa nne, umekuwa dereva." Alisema kupanda kila mtu anaweza kwa sababu injini ndiyo inayofanya kazi, ila kushuka ni kazi yako wewe. Gia uliyopandia kilima ndiyo ushukie, injini ikushikie gari, na breki uziweke kwa ajili ya dharura. Nilichukua miaka miwili kufikia njiti nne.

Basi na fahari hiyo yote kichwani, nikaletewa giaboksi ya kwanza ya klachi mbili. Niliifungua juu ya meza, nikatoa klachi, chini yake nikakuta nyingine. Binti yangu Neema, aliyekuwa ametoka chuo cha ufundi na kuanza kazi nami, alikuwa pembeni anaosha bolti. Nikamwambia, "Hawa jamaa wana akili. Wameweka na ya akiba." Neema alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Alinieleza taratibu, na mimi nikajifanya nilikuwa namjaribu tu.

Sio ya akiba. Klachi moja inabeba gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Ya pili inabeba gia ya pili, ya nne na ya sita. Moja ikiwa kazini, nyingine imeshashika gia inayofuata na inangoja zamu yake, ndiyo maana gari linabadilisha gia bila wewe kusikia kitu. Kwa kifupi ni gari la gia za kawaida, ila kazi ya mguu wako wa kushoto imepewa kompyuta.

Mkishuka nalo kwa mwendo mzuri, halina neno. Ukigusa breki kidogo linapangua gia lenyewe, ya nne kwenda ya tatu, ya tatu kwenda ya pili, na injini inanguruma. Watu waliniletea magari mengi mazima kwa ajili ya ngurumo hiyo. Mama mmoja wa Sekei aliniambia gari lake linamkasirikia kila akishuka kilima. Nikamwambia, "Mama, halijakasirika, linakushikia." Kama unataka lishike zaidi, sogeza mkono wa gia upande wa kuchagua mwenyewe, uchague ya pili au ya kwanza, utulie.

Kasoro yake iko kwenye mwendo wa kunyata. Ukitaka lishuke polepole kuliko gia ya kwanza inavyoweza kubeba bila injini kuzimika, kompyuta inaachia klachi, sawasawa na wewe ulivyokuwa unakanyaga pedali zamani. Hapo injini haikushikii tena, umebaki na breki. Ukiachia breki, klachi inauma nusu. Ukikanyaga, inaachia. Inauma, inaachia, inasuguana, na klachi za magari madogo mengi ni kavu, hazina mafuta ya kuzipoza. Nusu saa ya mchezo huo inatosha kuzipandisha joto mpaka gari lenyewe liombe msamaha.

Haya yote nilikuwa nayajua. Niliyajua nikiwa mezani na spana mkononi, sikuwa nimeyajua nikiwa kwenye usukani.

Sasa, kwetu Meru, juu kwenye migomba, bibi harusi haondolewi kanisani kwa kasi. Kwaya inatangulia kwa miguu ikiimba, gari lake linafuata nyuma mpaka kwenye barabara ya lami, na njia yote ni mteremko wa vumbi na kokoto. Aliyewashusha mabibi harusi wa ukoo wetu miaka yote ni mimi, na pikapu langu kuukuu. Natia gia ya kwanza, ile ya nguvu, naondoa miguu yote miwili, na pikapu linatembea lenyewe mwendo wa mtu anayekwenda kusalimia jirani. Njiti hata moja isingehama.

Mwendo wenyewe ulipangwa na goti la Mama Neema. Mke wangu ni mwenyekiti wa kwaya, anatembea mstari wa mbele, na goti lake la kushoto lina maumivu ya siku nyingi. Hakuna mwanakwaya anayethubutu kumpita. Kwa hiyo kwaya inakwenda mwendo wa goti, na bibi harusi anakwenda mwendo wa kwaya.

Aliyekuwa anaolewa siku hiyo ni Furaha, mjukuu wa marehemu kaka yangu. Aliliangalia pikapu langu, akaliangalia gauni lake, akasema kwa adabu zote kwamba angependa gari la kaka yake. Kaka yake ni Elibariki, mwalimu kule Moshono, kijana aliyejinyima muda mrefu akanunua gari dogo la klachi mbili, hasa kwa ajili ya kumpeleka mama yake kliniki ya sukari. Alilipenda lile gari jamani. Alikuwa analifuta vumbi hata likiwa limeegeshwa ndani.

Neema alinivuta pembeni kabla sijaingia. "Baba, hili usilinyatie. Waache waende mbele, wewe simama kabisa. Wakifika mbali ndipo uwafuate, usimame tena."

"Nilianza kushusha mabibi harusi kabla hujazaliwa," nikamjibu, nikafunga mlango.

Tulianza vizuri. Kufika katikati, gari likaanza kutikisika kila nikiachia breki, kama mtu mwenye kwikwi. Furaha akashika kiti cha mbele, shela likamshuka machoni. Ikaja harufu ya kuungua. Kisha taa ya onyo ikawaka kwenye dashibodi, alama ya gia na kipimajoto. Nyuma yangu kulikuwa na magari ya wageni, wengi wateja wangu. Fundi Gia, harufu ya klachi, mbele ya wateja! Niliona aibu kuliko nilivyoona hatari.

Nikafanya walichokuwa wanafanya madereva wetu wa zamani wakitaka kuokoa mafuta: nikatia nyutro na kuzima injini. Nilijiambia giaboksi itapumzika, harufu itaisha, na bibi harusi atasikia kwaya vizuri.

Wanangu, breki za gari la kisasa zinasaidiwa na injini. Ukiizima unabakiwa na msaada wa kukanyaga mara mbili au tatu, basi. Na mimi nilikuwa nakanyaga na kuachia kufuata wimbo. Mara ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu pedali ikapanda juu ikawa ngumu kama jiwe. Nilikanyaga kwa mguu wote, gari likaendelea kushuka na kuongeza mwendo, usukani nao umekuwa mzito. Mbele yangu ulikuwa mgongo wa mke wangu katika joho la kwaya, hatua nne, kisha tatu.

Nilivuta handbreki na kuung'ang'ania usukani kwa mikono na mabega, nikaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo chini ya migomba. Bampa likapasuka. Lilisimama pembeni ya Mama Neema, karibu kiasi kwamba taa ilikuwa imegusa pindo la joho lake. Hakuna aliyeumia. Furaha alikuwa amekumbatia maua yake yaliyovunjika, anauliza kama tumefika.

Watu walikuja mbio. Na mimi, kabla mtu hajaniuliza, nilitoka nikapaza sauti: "Breki zimekataa! Gari hili ni bovu!"

Oneni ujanja wa maneno hayo. Breki zilikuwa zimekataa kweli, ila sikusema kwa nini. Nikamwona Mwalimu Elibariki ameshika kichwa, anaomba msamaha kwa wanakwaya mmoja mmoja, kana kwamba ni yeye aliyekuwa kwenye usukani. Nilimwacha aombe.

Neno la Fundi Gia lilikuwa zito huko kwetu. Kufikia Jumatano gari la Mwalimu lilikuwa limepata jina, wanaliita Mla Kwaya. Alilileta gereji mwenyewe, akilishusha kwa woga, akanisalimia kama kawaida.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, Mwalimu."

"Babu, mama amekataa kulipanda. Leo amekwenda kliniki kwa bodaboda, na unajua miguu yake ilivyo. Nimeamua niliuze. Lakini sasa nitamwuzia nani gari la kuua watu? Wewe ndiye fundi. Kama ni bovu niambie, nilivunje vipande."

Nikamwambia, "Liache tulichunguze."

Neema alilichunguza kuanzia asubuhi hadi mchana. Akaja akifuta mikono. "Breki ni nzima, baba. Kompyuta imeandika jambo moja tu, kwamba klachi zilipata moto. Hiyo pedali ilikuwaje?"

"Ilikuwa ngumu. Kama jiwe."

"Pedali inakuwa jiwe injini ikiwa..." Hakumaliza. Alinitazama kidogo, kisha akainama akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mtoto wangu alikuwa ananisitiri, na hilo liliniuma kuliko kama angenisuta.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Mama Neema barazani anachambua maharage, goti amelinyoosha juu ya kigoda. Hakuinua macho.

"Baba Neema, ule ubeti wa tatu, sauti za wanaume zinanyamaza. Tunabaki wanawake peke yetu, tena kwa sauti ya chini. Hapo nilitakiwa kusikia injini nyuma yangu. Sikuisikia. Nilisikia matairi kwenye kokoto, basi."

Niliinama nikaokota punje ya maharage iliyokuwa imeanguka sakafuni.

"Ovaroli zako nimezifua mimi tangu tuoane. Unadhani sijui gari lililozimwa linavyoshuka?"

"Mbona hukusema siku ile?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. "Na bado nangoja."

Jumapili ile, baada ya ibada, tulikuwa nje kwenye mnada wa sadaka za mazao kama kawaida yetu. Mkungu wa ndizi ulikuwa umeshanunuliwa, na mzee wa kanisa alikuwa ameinua jogoo. Nikaomba nafasi ya kusema. Mzee alidhani nataka kupandisha bei, akatabasamu. Nikasema sitaki jogoo, nataka kusema kuhusu gari la Mwalimu Elibariki.

Niliwaambia yote, hata ile ya klachi ya akiba, kwa sababu nilipoanza kusema ukweli nilishindwa kusimama. Nikasema gari ni zima, breki zake ni nzima, aliyezima injini kwenye mteremko ni mimi, na niliyemsingizia ni mjukuu wangu mwenyewe. Sauti ilinitoka vibaya mwishoni. Nililia, sioni haya kuwaambia, nikiwa nimesimama kati ya jogoo na mzee wa kanisa.

Kisha bibi mmoja nyuma akauliza, "Kwa hiyo halina pepo?" Watu wakaangua kicheko, na jogoo akapiga kelele mkononi mwa mzee. Lakini mama yake Elibariki hakucheka. Aliinuka taratibu kwenye benchi, akajifunga kanga vizuri.

"Elibariki, nifungulie mlango."

"Mama, hatuondoki sasa hivi."

"Nimesema nifungulie."

Mwalimu alikimbia na funguo. Yule mama alikwenda kukaa ndani ya gari, kiti cha mbele, na jua lote lile, mnada mzima, ili kila mtu amwone. Elibariki alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Bampa nilimbadilishia mwenyewe, na lile jina la Mla Kwaya likafa wiki ile ile.

Baada ya hapo kwaya ilikaa kikao. Neema aliitwa aeleze, akarudia yale yale aliyoniambia mimi nikafunga mlango: gari la namna hii lisimame kabisa au litembee kweli, kati ya hapo ndipo linapoungua. Mama Neema alisikiliza, akafikiri, akatoa uamuzi wake. Wakati wa ubeti, kwaya itembee na gari lisimame, breki imekanyagwa mpaka mwisho. Wakati wa kiitikio, kwaya isimame na kumgeukia bibi harusi, na gari lishuke kuwafuata katika gia ya kwanza ya kuchaguliwa kwa mkono, klachi imefunga, injini inaunguruma vizuri, lisimame hatua kumi nyuma yao. Ubeti unaofuata, kwaya inatembea tena. "Na goti langu nalo litapumzika," akasema.

Tumefanya hivyo tangu siku hiyo. Sasa hata wenye pikapu wanafuata, wakati wao hawana haja. Juzi nilimsikia mshereheshaji mmoja kijana akiwaeleza wageni kwa kipaza sauti kwamba gari linasimama kwenye ubeti kwa sababu, kwa mila za wazee wetu wa Meru, bibi harusi lazima asitesite kuondoka kwao. Niliendelea kula loshoro yangu.

Mkiniuliza basi muyaendesheje mteremkoni, majibu mmeshayapata humo. Msinyatie. Msiogope ngurumo. Taa ya joto ikiwaka, simameni mahali tambarare, wekeni P, injini ikiwa inawaka, mngoje ipoe. Na binti anayejua kazi akikwambia neno kabla hujafunga mlango, acha mlango wazi kwanza.

Mwezi uliopita tulimshusha mdogo wake Furaha, kwa gari lile lile la Mwalimu. Goti la Mama Neema limezidi, hawezi tena kutembea njia yote, kwa hiyo safari hii hakuwa mbele ya gari. Alikaa kiti cha pembeni yangu, na joho lake la kwaya, akiimba sehemu yake kupitia dirishani. Kwenye ubeti tulisimama. Kiitikio kilipoanza akasema, "Sasa," nami nikaachia breki. Na nilipoangalia chini nikaona ameweka kiganja chake juu ya mkono wa gia.

"Mama Neema, toa mkono. Hili ni otomatiki, halihitaji msaada."

"Najua halihitaji," akasema. "Wewe endesha."

Mkono haukutoka. Beti zote, viitikio vyote, mteremko mzima. Tulipofika kwenye lami nikasimama, nikavuta handbreki. Aliisogeza gia kwenye P yeye mwenyewe, ndipo akaiachia.

"Haya," akasema, "sasa zima."